Zimwi Lililotaka Asali ya Kipupwe

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye baridi asogee motoni. Mwenye maswali ayameze mpaka nimalize, maana nawajua nyinyi.

Basi, hapo kale, katika nchi ya miti ya miyombo, palikuwa na mama mmoja mrina asali, jina lake Nyamizi. Mumewe alifariki akamwachia mzinga mmoja wa gogo, umening'inia mtini, na mtoto mmoja, Milembe, ambaye bado ananyonya.

Desturi ya watu wa huko ilikuwa hivi: wakirina, hawakombi mzinga wote. Hutenga fungu la nyuki, wakalitia kibuyuni, wakalitunza. Kipupwe kikifika ukingoni, maua hakuna, nyuki wana njaa, kila mrina hupanda kuwarudishia chao.

Siku moja asubuhi Nyamizi alimpa mama mkwe wake mtoto.

"Mama, nishikie Milembe. Narudi kabla hajalia."

"Nenda, mwanangu. Na hao nyuki ni watoto vilevile."

Nyamizi akapanda mti. Akagonga mzinga, ko, ko, ko, akatega sikio. Nyuki wakavuma ndani. Wazima! Kabla hajafungua kibuyu, mti ukatikisika kama unang'olewa. Zimwi hilo! Likakwapua mzinga kwa mkono huu na Nyamizi kwa mkono huu, mbio mpaka pangoni. Likaingiza vyote viwili, likaziba mlango kwa jiwe.

"Asali! Asali! Nisipolamba asali, nitatafuna mrina!"

"Bwana Zimwi, hiki ni kipupwe. Nyuki hawana kitu."

"Watengenezee maua huko huko! Nikirudi nikute asali."

Likaenda kuwinda. Ujinga wa namna hiyo hauna dawa.

Nyamizi akasukuma jiwe. Halikusogea. Akalisukuma kwa mgongo. Halikusogea. Akalisukuma huku analia, nalo likatulia vilevile. Maziwa yakajaa kifuani, yakauma, yakalowesha kanga. Mtoto analia nyumbani, mama analia pangoni. Aliogopa sana, msidanganywe na mtu.

Ndani ya kanga alikuwa amekificha kibuyu. Zimwi halikunusa kitu, kipupwe kilikuwa kimelitia mafua, pua zote mbili zimeziba. Nyamizi naye njaa ilimkaba. Akawaza: nikiilamba asali hii, nguvu zitarudi na maziwa hayatakauka. Akainua kibuyu mpaka mdomoni.

Akakishusha. "Si yangu hii. Ni yao, mimi niliwatunzia tu."

Akachanganya asali na maji yaliyokuwa yakitona ukutani, akaimimina kwenye kigae alichookota humo, akatandaza nyasi kavu juu yake ili nyuki wasizame. Nyuki wakatoka mmoja mmoja, wakanywa.

Jioni Zimwi likarudi. "Asali! Asali! Nisipolamba asali, nitatafuna mrina!"

"Bado, Bwana Zimwi. Wamedhoofu."

Kesho yake akawalisha tena. Zimwi likarudi. "Asali! Asali! Nisipolamba asali, nitatafuna mrina!"

"Bado, Bwana Zimwi. Ndio kwanza wanapata nguvu."

"Kesho ni kesho," likasema. "Bila asali, nakuanzia miguuni."

Kulipokucha, Zimwi likatoka kutafuta kuni za kumchomea. Nyamizi akamimina asali ya mwisho, kibuyu kikabaki kitupu. Nyuki wakanywa wakashiba. Mara mzinga ukavuma kwa nguvu, na nyuki wakatoka wote, pamoja na malkia wao. Walikuwa wanahama! Nyuki mwenye tumbo tupu hahami, lakini aliyeshiba hakai penye uvundo.

Hawakwenda mlangoni. Walipita nyuma ya lundo la mifupa, wakapotea.

Nyamizi akaondoa mifupa, akakuta ufa. Akapenyeza kichwa, akapenyeza mabega, mwamba ukamchuna ngozi, akatoka nje kwenye jua!

Nyuma yake, ndani ya pango, akasikia Zimwi limerudi: "Yuko wapi?" Zimwi likauona ufa, likaingiza kichwa kwa pupa. Kichwa kikapita, masikio yakanasa. Mbele haliendi, nyuma halirudi.

"Ewe mrina, nivute!"

"Mtoto wangu ananingoja," akasema Nyamizi, akaondoka.

Alimkuta Milembe amekauka sauti kwa kulia. Alimpokea kwa mkwewe, akamweka kifuani. Maziwa yalikuja kidogo, kisha yakaja tele. Mkwewe akapika uji, wote wakalia kwa furaha.

Je, Zimwi? Likabaki ufani limeachama kinywa, linapiga kelele mchana kutwa: "Asali! Asali!" Nyuki walikuwa wametundikana tawini hapo karibu, wanatafuta nyumba. Wakaona shimo kubwa, kavu, lenye joto. Wakaingia.

Miyombo ikachanua. Nyuki wakajenga masega kuanzia kaakaani mpaka ulimini. Kinywa kikajaa asali, pomoni, asali ya kulilia. Lakini Zimwi haliwezi kutafuna, haliwezi kumeza, haliwezi hata kufumba mdomo. Limekaa hivyo mpaka likawa jiwe.

Hadithi yangu imeishia hapo, wala msinidai kipande kingine.

Funzo lake ni hili: anayetaka asali, kwanza awalishe nyuki.

Haya, kalaleni.