Kidari cha Kundaeli

Kaeni mkao wa kusikiliza, maana mwisho wa hadithi hii sijibu mimi, mnajibu ninyi.

Palikuwa na watu watatu. Mama Aisaria alijaliwa sikio, Mwalimu Ndekirwa alijaliwa maarifa ya nota, na Lukasi, Mzungu wa mbali, alijaliwa jina kubwa. Katikati yao alikuwepo Kundaeli wa Machame, aliyejaliwa sauti. Na sauti yenyewe ilikuwa na vituko: akizungumza, alikuwa na besi ya kufukuza ng'ombe shambani, akiimba, ilipanda juu, nyororo na safi, hadi watu wakageuka kumtafuta mwanamke anayeimba.

Sasa, kwenye kwaya ya usharika wao wanaume husimama nyuma, wanawake mbele. Kundaeli alipobalehe walimpeleka nyuma, akawa anakoroma tu, akaamua kuacha kuimba. Siku moja Mama Aisaria, kiongozi wa sauti ya pili, alimsikia akijiimbia huku akifagia kanisa. Jumapili iliyofuata akamshika mkono, akamsimamisha ubavuni pake, katikati ya wanawake. Watu walicheka mpaka ibada ikaharibika. Wazee wa kanisa wakamwita mama huyo, wakamwuliza kama haoni kwamba yule ni mwanamume.

"Mimi nasikiliza sauti," akawajibu, "sikagui ndevu."

Wakamvua uongozi. Hakurudishiwa tena, lakini Kundaeli hakuondoka ubavuni pake.

Mwalimu Ndekirwa ndiye aliyemwambia kijana kwamba sauti yake si kichekesho, ina jina: huko Ulaya huitwa kauntatena, na wapo watunzi wa kale walioiandikia nyimbo za wafalme na mashujaa. Akamfundisha nyimbo hizo kwa kinanda chenye vibonye viwili vibovu. Pale nota zao zilipotakiwa, mwalimu alizipiga mluzi. Ndipo chuo cha muziki cha ng'ambo kikamwita mwalimu mwenyewe akasome, jambo aliloliota tangu ujana wake. Akawajibu kwamba yeye ameshachelewa, wampokee mwanafunzi wake. Kundaeli akaenda, mwalimu akabaki na mluzi wake.

Huko ng'ambo Kundaeli aliimba miaka mingi, lakini katika opera, yaani mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, kila mara alipewa nafasi ya mtumwa au ya mzimu. Ufalme haumfai, walisema wenye kumbi, watazamaji hawajazoea. Lukasi, kauntatena aliyekuwa akijaza kumbi, ndiye aliyepewa nafasi ya mfalme katika opera, yaani mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho. Siku ya mazoezi alimsikia Kundaeli nyuma ya pazia akijiimbia wimbo wa mfalme. Akavua taji, akaliweka mikononi mwake mbele ya mkurugenzi.

"Huyu anauimba kuliko mimi," alisema. "Asipoimba yeye, na mimi siimbi."

Kundaeli akaimba, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Lukasi hakuitwa tena kwenye ukumbi ule.

Tangu hapo Kundaeli alijiwekea sharti: haimbi kwenye jukwaa ambalo mweusi ni yeye peke yake. Wakimtaka, wawachukue na waimbaji wa mataifa mengine, na nyimbo za makwao ziimbwe pamoja na zile za Ulaya. Wapo walionuna. Wapo pia waliofungua milango, na wengi wakapita.

Mwaka jana akarudi nyumbani kushukuru, na Lukasi akamfuata. Mbuzi akachinjwa. Katika ukoo wa akina Kundaeli, mtu akirudi na heshima, kidari cha mbuzi hupewa mama yake, wala hakikatwi vipande. Anayekipokea ndiye atakayetajwa siku zote kuwa mzazi wa heshima ile. Lakini mama yake Kundaeli alifariki zamani, mwanawe akiwa bado mdogo. Basi baba yake mdogo, Aminieli, mwenye kisu siku hiyo, akakiweka kidari kwenye sinia na kumkabidhi.

"Mama yako angekuwepo tusingeulizana," akasema. "Mpelekee aliyeizaa sauti yako. Mmoja tu. Na hakuna anayekula kabla yake."

Wageni wakameza mate. Kundaeli akawatazama wale watatu pale kwenye benchi. Lukasi, mashavu yameiva kwa jua, akaelekeza mkono kwa mwalimu. Mwalimu akaelekeza wake kwa Mama Aisaria. Mama Aisaria akatikisa kichwa, akasema mgeni hapitwi kwa chakula. Moyo wa Kundaeli ukajaa shukrani mpaka ukamuuma, maana aliwapenda wote, na kumpa mmoja ilikuwa kama kuwaambia wawili kwamba walijisumbua bure.

Basi akaimba. Ulikuwa wimbo wa kushukuru, ule wa siku za fagio. Mama Aisaria akamdaka kwa sauti ya pili, mwalimu akapiga mluzi, na Lukasi, asiyejua hata neno moja, akafuata kwa midomo iliyofumbwa. Watu walitoa machozi, hata wale wanaume wa besi waliomcheka zamani kwenye kwaya.

Wimbo ukaisha, sinia bado liko mikononi.

"Mtamu," baba mdogo akasema, "lakini nyama inapoa."

Haya. Bila Mama Aisaria, sauti ile ingeishia kwenye fagio. Bila mwalimu, ingebaki kichekesho cha Jumapili. Bila Lukasi, ingekuwa ya mtumwa hadi leo. Kila mmoja aliacha alichokipenda, na hakuna hata mmoja anayedai. Sasa sinia nimekupa wewe, na watu wana njaa. Je, utampelekea nani?