Ng'ombe Aliyekuwa Akizaa Nje ya Uzio

Palikuwa na mama mmoja mjane, jirani wa chuo kikuu cha umma. Migomba yake ilipoishia, uzio wa chuo ulianzia. Alikuwa na ng'ombe mmoja, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowalea wajukuu zake.

Asubuhi moja ng'ombe akashikwa na uchungu. Ukatoka mguu mmoja wa ndama, basi, hakikutoka kingine. Mama akamwachia jirani yake kamba, akakimbilia getini kwa wasomi.

"Shikamoo, mama," akasema mlinzi. "Una miadi?"

"Marahaba, baba. Miadi gani? Ng'ombe hakuniambia kama atazaa leo. Niitie daktari wa mifugo."

Mlinzi akapiga simu, akaja dada wa ofisi ya huduma kwa jamii, mwenye tabasamu la kweli kabisa. "Mama, umefika penyewe! Chuo hiki ni chenu. Tuna Wiki ya Jamii mwezi ujao, mifugo itakuwa Jumatano."

"Mwezi ujao? Ndama keshatoa mguu, mwanangu!"

"Basi hiyo ni dharura. Dharura zinapitishwa na kamati, ila mwenyekiti yuko semina."

"Semina ya nini?"

"Ya kuwafikia wananchi kwa haraka."

Akaletewa kiti. Akaletewa na maji ya chupa. Akakaa hapo mpaka jua likampata kichwani, kisha akainuka bila kuaga, maana hata kuaga kunataka nguvu. Alipofika nyumbani, jirani alikuwa ameshaiachia kamba. Ng'ombe amekufa, na ndama ndani yake.

"Chuo wamesemaje?" jirani akauliza.

"Wamenikaribisha mwezi ujao."

Kesho yake wakapiga hodi vijana wa makoti meupe, wakiongozwa na mwalimu wao, mtu mzima, viatu vimejaa matope.

"Shikamoo, mama. Tunazunguka kijijini kutafuta ng'ombe aliye karibu kuzaa. Hawa wanakaribia kuwa madaktari na hawajamzalisha hata mmoja. Jana kutwa nimewafundishia ng'ombe wa plastiki."

Mama akamjibu. "Jana hiyo hiyo nilikuwa getini kwenu. Wangu alikuwa anazaa."

Mwalimu akashika kichwa. "Sasa mama, mbona hukuingia?"

Wapendwa, nimewasikia humu kanisani mlivyocheka nilipoitaja ile semina. Haya, niambieni, nani amemuua ng'ombe yule? Mlinzi? Alisalimia kwa adabu. Dada wa ofisi? Alitoa na maji. Mwalimu? Hakuambiwa. Ukimtafuta mkosaji utatembea chuo kizima na kurudi mikono mitupu. Wote walikuwa tayari kusaidia, na mama hana maziwa.

Mimi chuo sina ugomvi nacho. Nina ugomvi na sisi. Sisi tuna kamati ya huruma, yenye mwenyekiti, makamu wake, katibu na mhazini. Wenye shida tu ndio hatujawapata. Tuna kwaya inayofanya mazoezi ya kuimba upendo, imba tena, sauti ya pili mko chini, imba tena. Tunajifunza kupenda, ndugu zangu, tunajifunza mpaka tunachoka, na anayehitaji kupendwa amekaa nje ya ukuta huu huu. Naye tunamshangaa: mbona haji kanisani?

Yule mzee wa nyumba ya bati jekundu, hapo nyuma yetu, hajatoka nje tangu Pasaka. Nani amepiga hodi kwake? Msimwangalie katibu. Katibu akiandika, tutakutana mwezi ujao.

Kwa hiyo wimbo wa kufungia hatutauimba humu ndani. Simameni, tutoke kwa mlango wa nyuma, tukauimbie kwake. Na kama mzee hataki kelele, tutamchotea maji.