Kwa Nini Kisio Hupelekwa Motoni

Hapo kale wafinyanzi wa mlima wetu hawakuwa na kisio. Mkuu wao akitaja sababu ya jambo, sababu ilikuwa hiyo, na hakuna aliyeijaribu.

Ukaja mwaka ambao vyungu vilipasuka kila vilipochomwa. Wanawake walikuwa wamehamia shimo jipya la udongo, lakini hilo halikutajwa. Mkuu wao, Nambike, alisema kosa ni la Naghenjwa, mke wa mwanawe, aliyeuruka udongo kabla ya arobaini ya uzazi kwisha. Kila aliyevunja mwiko huo alirudishwa kwao, na mtoto alibaki kwa baba.

“Mama,” Naghenjwa alisema, “ikiwa ni mguu wangu, udongo nisiouruka utapona.”

“Unanifundisha udongo? Juzi tu ugali ulikuwa unakushinda.”

Wanawake wakacheka.

“Sikufundishi, mama. Nauliza tu. Uone nini motoni ndipo ukubali kwamba si mimi?”

Nambike hakuwa amewahi kuulizwa hivyo. Alisugua udongo uliokauka vidoleni.

“Ule usiouruka nao ukipasuka,” alisema mwishowe, “neno langu limekufa.”

Wakagawa fungu moja la udongo. Naghenjwa aliruka nusu moja, nyingine hakuisogelea. Nambike alifinyanga zote kwa mikono yake, vyungu vikakaushwa kivuli kimoja na kuchomwa pamoja, hivi huku na hivi kule.

Mlio wa kwanza wa chungu kupasuka ulitoka upande wa udongo uliorukwa. Wa pili pia. Wifi yake Naghenjwa, binti wa Nambike, akasogea nyuma yake, akaanza kulegeza mbeleko iliyomshika mtoto mgongoni. Naghenjwa alilikamata fundo kwa mikono miwili, wala hakuondoa macho motoni.

Upande wa pili ulikuwa kimya. Kuni zikaanguka, cheche zikaruka. Kisha chungu kikalia huko, na kingine kikafuata.

“Mfunge mtoto vizuri,” Nambike alimwambia binti yake. “Nilikisia tu.”

Ndipo wakakisia kwamba kosa ni la shimo jipya, wakachoma udongo wake ukiwa na mchanga na ukiwa hauna. Wenye mchanga ukapona.

Na tangu siku hiyo, sababu ambayo haijapita motoni huitwa kisio, hata ikitoka kinywani mwa mkuu. Anayeitoa hutaja kwanza kitakachoiangusha. Asiyeweza kukitaja huambiwa akae, na hakuna mtu anayerudishwa kwao kwa neno lake.