Kikapu cha Kiangazi cha Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wakati Tembo bado akivaa kilemba na Kindi bado akisuka ukili wa mikeka, palikuwa na kijiji ambamo kila mmoja alimshuku jirani yake. Ukikohoa, wanauliza umekula nini. Ukinyamaza, wanauliza umeficha nini. Sogeeni basi, na kila mtu aangalie mfuko wake.

Bi Kindi alikuwa mjane, mwili mdogo, macho mengi. Shamba lake lilikuwa kando ya kisima. Alipopewa na Mzee Tembo, mkubwa wa kijiji, lilikuwa jaa la vifuu na miiba. Alifyeka, akachimba, akabeba maji kifuu kwa kifuu mpaka mkia ukapauka. Sasa lilikuwa na mawaridi, mrehani, vilua na asumini, na wanawe walilala humo.

Lakini shamba lilikuwa na sharti. Kila kiangazi, siku ya kufungua kisima, Bi Kindi alete kikapu cha maua ya shamba hilohilo, lisiwemo hata ua moja la kijiji cha jirani, na mkono wa kikapu uzungushiwe koja la asumini. Jua likizama kikapu hakijatimia, shamba linarudi kwa Mzee Tembo.

Miaka mitatu alitimiza. Mwaka huu roho haikutulia. Wiki ile Mzee Tembo alikuwa amepita shambani mara nne, na kila mara alisema, "Aa, kivuli kizuri hiki!"

"Kizuri kwa nani?" Bi Kindi alijiuliza.

Siku ikafika. Alasiri, Mzee Tembo akaja na mashahidi wawili, Bwana Nyati na Bwana Kiboko, wakakaa barazani kwa Bi Kindi. Joto! Mzee akajipepea kwa masikio yake yote mawili, papa! papa! papa!

Bi Kindi akaendelea na kazi yake. Alitandika jani la mgomba ndani ya kikapu, akasimamisha vitawi vya kilua katikati, akazungusha mawaridi, kisha akachomeka mrehani pembeni kuziba mapengo. Asumini aliichuma yote ingali matumba, imefumba, kama wafanyavyo wanaoijua. Tumba halinukii. Hungoja jua lipoe, ndipo lifunue. Akayatunga matumba koja refu, akalifunga kwenye jani bichi, akaliweka barazani.

"Nakwenda kuteka maji ya kunyunyizia," akasema. "Msiguse kitu, wazee wangu."

"Tuguse nini sisi?" akasema Kiboko.

Aliporudi, jani lilikuwa wazi. Koja halipo.

"Yarabi! Koja langu! Nani kachukua koja langu?"

"Mimi nilisinzia," akasema Nyati haraka.

"Mimi nilikuwa natazama kisima," akasema Kiboko, haraka zaidi.

"Wapekue!" akanguruma Mzee Tembo. "Wapekue wote wawili! Sitaki wizi mbele yangu."

Bi Kindi akarukia pembe za Nyati, akapekua huku na huku. Hakuna kitu. Akamgeukia Kiboko. "Fungua kinywa, bwana."

"Aaaaa!"

"Funga, bwana. Funga upesi."

Nyati akamkodolea macho Kiboko. "Umemeza wewe!"

"Nimeze maua? Nani asiyejua kwamba ng'ombe ndio wanaokula maua?"

"Unaniita ng'ombe?"

Wakaanza kusukumana, gubu! gubu! Kikapu kikayumba. Bi Kindi akakidaka, na hapo alipoinama akamwona Mzee Tembo. Mzee alikuwa akitokwa jasho. Sikio la kulia lilikuwa linapepea, papa! papa! La kushoto limebana kwenye shavu, kimya kabisa.

Hasira ikampanda. Lakini angesema nini, jamani? Nani atamwambia mkubwa wa kijiji inua sikio? Akimshutumu akakosea, shamba halipo. Akimshutumu akapatia, Mzee atakanyaga ushahidi kwa mguu mmoja, na shamba halipo vilevile. Na mwasumini ulikuwa umebaki majani matupu.

Akatazama jua. Lilikuwa limeanza kuinama.

"Basi, Mzee," akasema kwa sauti ya kushindwa. "La kufanya sina. Niruhusu tu niwapikie kahawa ya kuagana, kisha mimi na wanangu tukafunge virago."

Mzee Tembo akatabasamu mpaka pembe zikang'aa. "Adabu nzuri hiyo, mwanangu. Pika."

Bi Kindi akawasha jiko. Akaliweka wapi? Pale pale, upande wa kushoto wa Mzee.

"Mbona karibu hivi?" akauliza Mzee.

"Nisikumwagie njiani, Mzee wangu."

Tangawizi akatia nyingi. Kikombe cha kwanza, Mzee akapuliza, fuu! Cha pili, jasho likamtiririka mkongani. Cha tatu, sikio la kulia likapepea kama limepagawa, na la kushoto likazidi kubana.

"Ongeza moja, Mzee?"

"Li... limebaki kiasi gani jua?"

"Kidogo tu, Mzee. Kunywa."

Mara Nyati akainua pua. "Hm! Mbona pananukia?"

"Ni kikapu," akasema Kiboko.

"Siyo mawaridi hii. Asumini hii! Ni wewe!"

"Mimi? Ninuse!"

Nyati akanusa, akarudi nyuma. "Wewe unanuka tope."

"Na wewe nikunuse! Kwato tupu!"

"Wazee wangu," akasema Bi Kindi, akipanguza vikombe bila kuinua macho, "pua zenu kubwa kuliko yangu. Fuateni harufu tu."

Wakafuata, nfu, nfu, nfu, mmoja akimlinda mwenzake asidanganye. Wakapita kikapu. Wakapita jiko. Pua mbili zikafika kwenye shavu la Mzee Tembo, zikasimama.

"Mzee," akasema Bi Kindi kwa upole, "joto lote hili, mbona unajipepea kwa sikio moja?"

Mzee Tembo akavumilia. Akavumilia tena. Kisha kaa la moto likaruka, tap! likamgusa nyuma ya shavu, na sikio likajifungua lenyewe. Paaa!

Koja likaanguka, limefunua lote, jeupe pe, na baraza zima likajaa harufu.

"Upepo!" akasema Mzee Tembo. "Upepo ndio ulioliingiza!"

"Upepo wenye mkonga!" akapasuka Kiboko kwa kicheko, na Nyati, ambaye hakuwa amecheka tangu masika, akacheka mpaka akakaa chini.

Bi Kindi hakucheka. Aliruka, akalizungusha koja kwenye mkono wa kikapu, mara moja, mara mbili, akafunga fundo. Kisha akaonyesha magharibi, ambako ukingo wa jua ulikuwa bado unaonekana.

"Mashahidi, kikapu kimetimia?"

"Kimetimia!"

"Na shamba ni la nani?"

Nyati na Kiboko wakamtazama Mzee, naye akatazama miguu yake.

"Lako," akasema. Akaondoka akipepea masikio yote mawili, na njia nzima ikanukia asumini, kila aliyekutana naye akigeuka kumtazama.

Basi, watoto wangu, ukimshuku mkubwa usimpigie kelele. Mkalishe, mpe kahawa, na ungoje.