Maziwa ya Lubaba

Inasimuliwa kutoka kwa watu wa mji mmoja wa mitende, katika nchi ya Iraki, kwamba palikuwa na mwanamke mchamungu akiitwa Lubaba. Mtoto wake alifariki siku ya saba, lakini maziwa hayakujua msiba. Yalijaa kifuani hata matiti yakawa magumu na ya moto, naye akashikwa na homa.

Siku hizo Shurayh, mfanyabiashara wa tende, alifiwa na mkewe katika uzazi. Akamwajiri Lubaba amnyonyeshe mwanawe Nuaimu, kwa sharti moja: asinyonyeshe mtoto mwingine. Na kila Alhamisi alimpima mwanawe kwenye mizani ya tende.

Mtoto aliponyonya, homa ya Lubaba ilishuka, na huzuni yake ikapata mahali pa kupumua. Alikuwa akiitazama ile taya ndogo ikifanya kazi ambayo haikufundishwa na mtu, akasema, “Subhanallah.”

Mwezi wa tatu, jirani yake akaugua, maziwa yakamkatika. Bintiye, Suhayla, alitapika maziwa ya mbuzi, akalia mpaka sauti ikaisha. Lubaba hakustahimili. Akampa titi mara moja, kwa huruma. Kesho yake akampa tena, na kila siku iliyofuata, huku akijiuliza: je, ya Nuaimu yatatosha? Lakini kadiri watoto walivyonyonya, ndivyo maziwa yalivyozidi kuja.

Alhamisi ilipofika, upande wa mizani aliolazwa Nuaimu ulishuka kuliko siku zote.

“Mashallah!” akacheka Bibi Atika, mama yake Shurayh. “Huyu ni mtoto au kondoo wa Idi?”

Hakuna ambaye angejua siri ya Lubaba. Lakini yeye alikuwa amehesabu: Suhayla amenyonya na kushiba zaidi ya mara tano, na kwa sheria ya dini, yeye na Nuaimu ni ndugu wa kunyonya, hawaoani milele. Akinyamaza, watoto hawa wa mtaa mmoja watakua bila kujua.

“Bwana wangu,” akasema, “nimevunja sharti lako. Nimemnyonyesha binti wa jirani.”

Shurayh akabadilika rangi. “Maziwa ya mwanangu umeyagawa? Toka nyumbani kwangu!”

Lubaba akambusu Nuaimu, akamweka mikononi mwa bibi yake. Mtoto akaangua kilio.

“Nitatoka, bwana. Nakuomba jambo moja tu: ita mashahidi, wajue kwamba hawa wawili ni ndugu.”

“Hujiombei nafsi yako?”

“Mimi nitakufa. Udugu wao utabaki.”

Bibi Atika akamgeukia mwanawe. “Wewe Shurayh! Umezeeka kwenye mizani na hujui kuisoma? Tangu lini aliyeibiwa akazidi uzito?”

Shurayh akaitazama mizani, akamtazama mwanawe.

“Wallahi, maziwa haya siyaongezi mimi,” akasema Lubaba kwa sauti ndogo. “Kila nikihofia yatakwisha, huja zaidi.”

Yule bwana akafuta macho. “Keti, mama. Mnyonyeshe. Kisha nitawaita mashahidi, na huyo binti aletwe hapa mpaka mamaye apone. Sitaki dada wa mwanangu alie njaa.”

Ndugu zangu, tutafakari. Mola ameweka riziki ya mtoto kifuani mwa mama kabla mtoto hajajua kuomba, na katika kunyonya kwake akaweka pia tiba ya mama. Atakasike Yeye ambaye hazina yake huchotwa ikazidi.