Kopo Lililonunuliwa Dukani

Ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja walifanya kazi mbili zinazokaribiana. Ambakisye, mkubwa, alisaga dawa ya viungo. Gwamaka, mdogo, alipima dawa katika maabara ya serikali. Mkubwa aliishi katika mji wa milimani, wenye mvua na baridi, ambako magoti huanza kuuma mapema. Mdogo aliishi bondeni, mwendo wa saa mbili kwa basi. Walipendana, na hakuna aliyemwingilia mwenzake kazi.

Dawa ya Ambakisye iliitwa Nyoosha. Ilikuwa unga wa mizizi, tangawizi na manjano, ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kijani. Mizizi aliichimba mwenyewe, akaiosha, akaianika na kuitwanga. Waliokunywa walisema inasaidia kidogo. Naye hakuahidi zaidi ya hapo.

Siku moja mtu mwenye maduka kadhaa ya dawa alimwambia kwamba angeipokea Nyoosha kama ingekuwa na karatasi ya maabara. Ambakisye akaandaa kopo moja. Alichagua mizizi iliyonona, akaitwanga, akachekecha mara mbili, akapanda basi hadi maabara. Pale mapokezi kopo lilivuliwa jina likapewa namba, kwa sababu ndiyo desturi ya mahali pale: anayepima hajui anapima kitu cha nani. Baada ya wiki tatu majibu yakatoka. Hapakuwa na sumu, wala vimelea, wala dawa ya hospitali iliyochanganywa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, karatasi ilisema kwamba majibu hayo yanahusu kopo lililoletwa na si jingine. Ambakisye akaipeleka kwa fundi ikawekewa fremu. Ubao wa fremu ulifunika mstari ule wa chini, naye hakuona kuwa kuna kilichopungua.

Biashara ikakua. Mizizi ya mlimani haikutosha tena, wala mikono miwili haikutosha kutwanga. Akapata mtu wa mpakani aliyemletea unga uliokwisha kusagwa, kwa magunia. Rangi ilikuwa ileile na harufu ileile. Tofauti ilikuwa moja: unga huu ulifanya kazi upesi. Watu waliokuwa wakiamka kwa kushikilia ukuta walitembea ndani ya siku tatu. Ambakisye alijiuliza mara moja ni kwa nini. Kisha wateja wakawa wengi, na hakujiuliza tena.

Aliyeisifu kuliko wote ni shangazi yao, Subilaga, mwimbaji wa kwaya ya akina mama. Fimbo yake aliitupa. Mazoezini aliwatania wenzake kwamba wanachechemea kwa ubahili tu, na kwamba yeye sasa angeolewa upya, kama angepatikana mwanamume wa kumfikia akikimbia. Uso wake ulijaa, ukawa wa duara. Watu wakasema dawa imemkubali.

Maabara ile ilikuwa na desturi nyingine. Mara mbili kwa mwaka ilituma watu madukani, bila barua na bila sare, wakanunua kama mteja yeyote anavyonunua. Ndivyo Nyoosha ilivyofika mezani kwa Gwamaka, ikiwa haina jina, unga tu ndani ya chupa yenye namba. Mashine yao huchora kilima kwa kila kitu inachokikuta. Siku hiyo ilichora kilima mahali ambapo unga wa mizizi hauna kilima. Gwamaka akarudia. Akampa mwenzake naye arudie, kwa mashine nyingine. Kilima kikabaki palepale. Ilikuwa dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe, ile ambayo daktari huiandika kwa uangalifu na kwa siku za kuhesabika. Anayeinywa kwa muda mrefu sukari yake hupanda, uso wake huvimba, na mwili wake husahau kazi uliyokuwa ukiifanya wenyewe. Gwamaka akaweka sahihi kwenye karatasi ya majibu. Ndipo daftari la namba lilipofunguliwa, akasoma jina la kaka yake.

Hakuomba karatasi ile irudishwe ili aibadilishe. Amri ya kuondoa makopo madukani ilitolewa siku ileile, naye akaomba ruhusa, akapanda mlimani.

Ambakisye aliapa kwamba hakuweka kitu chochote katika unga ule. Gwamaka akamwambia kuwa anamwamini. Kisha mkubwa akatoa shauri, na kwake lilikuwa shauri la mtu mwema. Magunia ya mpakani angeyachoma. Angerudi kuchimba mizizi kama zamani. Na wale wote aliowauzia kwa mkono, kanisani, sokoni na stendi, ambao hakuna duka linalowajua, angewafuata nyumba kwa nyumba na kuwabadilishia kopo bure, chafu kwa safi. Sababu asingewaambia. Ubaya ungekoma, hakuna ambaye angeumia, na jina lingebaki.

Gwamaka alimsikiliza mpaka mwisho.

“Kaka,” akasema, “miili yao imeshaizoea ile dawa. Ukiwapa safi kimya kimya, utawaangusha. Ni lazima wajue, waende hospitali, wapunguziwe kidogo kidogo.”

Ambakisye akauliza kama tangazo la serikali redioni halitatosha. Mdogo wake akamjibu kwamba litasomwa kesho asubuhi, na kwamba wateja wake watasema ni wivu.

Ikawa hivyo. Kesho yake mchana Ambakisye alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Kabla hajafungua kinywa, Subilaga alimwambia asijali. Watu wa ofisini hawapendi kuona mtu wa kwetu anapata riziki, alisema, na goti lake yeye linajua mengi kuliko mashine yao. Alikuwa na makopo mawili chini ya kitanda, na hakuna wa kumnyang'anya. Wenzake wakacheka na kuitikia. Ambakisye akaelewa kwamba kwa wakati ule angeweza kabisa kubaki mtu aliyeonewa, na kwamba chumba kizima kilikuwa kikimsaidia.

“Shangazi, mashine haikukosea,” akasema. “Nilinunua unga kwa mtu nisiyemjua. Nikaona unaponya upesi mno, nikanyamaza. Kachukue hayo makopo twende hospitali leo, daktari ayaone.”

Kicheko kikakatika. Subilaga akauliza goti lake litakuwaje. Akamjibu kwamba litauma.

Siku tisa Ambakisye alizunguka milimani akirudia maneno yaleyale mlangoni kwa kila mtu, na mkononi alikuwa na karatasi ya pili ya maabara, isiyo na fremu. Wengine walimshukuru. Mmoja alimfungulia mbwa ili amtoe mbio. Muuza mkaa mmoja alikuwa ameisikia redio, akaogopa, akatupa kopo lake siku ileile. Ambakisye alimkuta amelala sakafuni, hana nguvu ya kuinua kichwa, anatapika. Walimbeba hadi hospitali. Daktari alisoma ile karatasi, akajua papo hapo cha kumpa, na mtu yule yuko hai. Wako hai wote.

Subilaga alipunguziwa dawa kwa miezi miwili. Uso wake ulirudi kuwa na mikunjo yake. Akaokota fimbo nyingine, na sasa anaimba akiwa ameketi. Kwa muda hakuitikia salamu ya Ambakisye. Siku moja akaitikia, bila kueleza. Nyoosha haijarudi madukani, ingawa mizizi ya mlimani bado inachimbwa, na kila gunia husubiri majibu ya namba yake ya maabara kabla ya kutumiwa.

Nawaambia haya ninyi watu wazima kwa sababu wapo kati yetu walioacha ubaya fulani bila kelele, kisha wakajihesabia haki. Kuacha ni kwema. Lakini mtu anayekoma kudanganya pasipo kuwaambia aliowadanganya, amewaponya wao, au amejiponya yeye mwenyewe tu?