Macho Yaliyowekewa Akiba

"Mbona Nyanya amekaa kinyumenyume, halafu amejifunga kitambaa machoni?"

Qabale aliuliza hivyo alfajiri, gari likipakiwa. Baba alikuwa akikaza kamba, Mama Tumme akikaza kifuniko cha dumu la maji, na kaka yake Elema akacheka tu.

Hapo zamani, na si zamani sana, kwa maana gari lilikuwepo ila lami bado, familia hiyo ilishika barabara kuu ya kale inayokata jangwa. Barabara yenyewe ilikuwa malundo ya mawe tu, moja hapa, jingine kule mbali, yamepangwa na watu waliolazimishwa kuyapanga. Mwisho wake kilikuwepo kisima, na kando ya kisima ndipo alipozaliwa Nyanya Diramu. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga kidogo, kama chai ya mwisho kwenye birika. Alitaka autumie mara moja tu: akione kisima chake. Ndiyo sababu ya kitambaa.

Na kinyumenyume je?

"Niambie kilichoko nyuma yetu," alimwambia Qabale njiani.

"Vumbi, Nyanya."

"Baada ya vumbi?"

"Kilima chenye nundu mbili."

"Kiko upande wa bega gani?"

"La kulia."

"Haya, endelea, mama. Katika msafara wa ngamia, mwanamke mkongwe hutazama nyuma. Njia ya kurudi ina uso wake."

Basi gari likaenda mbele na maneno yakaenda nyuma, lundo baada ya lundo, hata Qabale akahisi wamesimama, na jangwa ndilo linalowapita polepole.

Mchana likatokea ziwa. Pana, bluu, limetulia, na miti imesimama ndani yake vichwa chini.

"Tukate hapa," Baba akasema. "Tukanywe chai ukingoni."

"Baba, hayo ni mazigazi, si ziwa," Qabale akasema.

"Wewe ziwa umelijulia wapi?"

Ziwa likasogea, Baba akalifuata. Likasogea, akalifuata. Likasogea tena, na gari likazama katika chumvi laini hadi tumboni. Injini ikatoa mvuke. Baba akanyoosha mkono achukue dumu, ainyweshe rejeta.

Mama Tumme akalikalia dumu. "Injini ikipona sisi tukafa, ataiendesha nani? Itapoa kwa upepo!"

Akawagawia kikombe kimoja kimoja. Elema akachimba kwa sufuria, sufuria ikapinda, akachimba kwa kucha. Akatandika mkeka wake chini ya gurudumu, na shati lake, na gari likatoka likinguruma. Lakini wapi barabara? Upepo ulikwisha kufagia alama za magurudumu.

"Geuzeni gari," Nyanya akasema. "Kilichokuwa nyuma sasa kiko mbele. Qabale, panda juu. Kilima kikae bega la kulia."

Qabale akapanda. Akaona, akasema, Nyanya akakumbuka, akaelekeza. Jua likaanza kushuka, mwako wa chumvi ukamchoma Qabale macho, machozi yakamtiririka.

"Nyanya, vilima vimekuwa viwili! Kimoja ni cha uongo, sijui kipi."

Nyanya akashika fundo la kitambaa.

"Usifungue! Kisima hujakiona!"

"Maiti hatazami kisima, mjukuu wangu."

Akafungua. Akautazama ule weupe mkali, akautazama sana, kama anayesoma barua. "Cha kushoto."

Wakakifuata cha kushoto mpaka wakayapata malundo ya mawe, wakageuza gari tena. Walifika kisimani jua likiwa bado juu ya upeo. Nyanya akashushwa, akafumbua macho. "Mbona ni peupe kote?" Akapapasa mawe ya kisima, jiwe moja, jiwe la pili.

Mwanawe Guyo, mwenye kambi ya hapo kisimani, akafungua ngamia jike mwenye mimba. "Aliyenifikishia mama yangu hai, huyu ni wake."

Na katika kambi ile, mwenye ngamia jike huulizwa safari inapopangwa. Asiye naye hupangiwa.

"Apewe Elema," Baba akasema upesi. Baba! Yule yule wa ziwa!

"Bila mikono hii mngekuwa chumvi," Elema akasema.

"Na mikono hiyo ilinyweshwa na nani?" Mama Tumme akauliza. "Mngeipa injini maji yote."

Qabale hakumeza neno mara hii. "Mikono ilitoa gari, sawa. Liende wapi? Nilisema si ziwa, nikanyamazishwa. Nimewaonea njia mpaka macho yamevimba. Au macho ya msichana hayaoni kitu?"

"Mama, nawe sema," Guyo akaomba.

"Mimi nilikuja kukiona kisima tu," Nyanya akajibu, mkono ukiwa bado juu ya jiwe.

Ngamia yupo, kamba iko mkononi mwa Guyo, naye anangoja. Elema wa mikono, Tumme wa maji, Qabale wa macho, Diramu aliyeutoa mwanga wake wa mwisho: je, nani alistahili?

Nakuomba jambo moja, wewe unayesikiliza: usiniambie wagawane.